Kipande cha Udongo kwa Mama Ngalula

Baba,

Salamu zikufikie huko uliko, Mungu akurehemu. Ninakuandikia kwa Kiswahili cha madrasa, kile ulichonikemea kila nilipokichanganya na Kifaransa. Sijui kwa nini bado ninajali. Siku hizi mengi siyajali. Ninasonga bukari, ninakula, ninafua, na moyo umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa. Kwenye kilio chako watu walilia, mimi nikawa natafuta viti vya wageni. Mpaka Noeli ilipofika nilikuwa sijatoa chozi.

Habari ninayokuletea ni ya hiyo Noeli.

Mpango wenu wewe na jirani yetu Mama Ngalula nimeukuta tangu nazaliwa. Kila Noeli yeye ananunua mbuzi, wewe asubuhi unavuka njia na kisu chako, unachinja kwa Bismillahi, ili na sisi tule kwao bila wasiwasi. Wao wanakwenda kanisani, wewe unarudi kwenye redio yako. Wakitoka huko unavaa kanzu na kwenda kukaa nao. "Misa ni yao," ulikuwa ukisema, "lakini meza, mwanangu, meza ni ya jirani." Ukishashiba unaanza kumtania Mama Ngalula kwamba sombe yake ya majani ya muhogo ina mawese mengi mpaka inateleza yenyewe tumboni. Naye anakuambia basi mwaka kesho ulete chakula chako.

Safari hii aliyekuwa mkubwa wa nyumba ni Baba mudogo. Alikuja toka Kasumbalesa kwa ajili ya mazishi yako, na malori yake ya mpakani amewaachia wenzake. Alituita, akasema wewe hakukukataza kwa kuwa ulikuwa kaka yake, ila sikukuu ya dini nyingine si yetu, na kumchinja mbuzi wa Noeli ni kuingia ndani yake. Hakusema kwa ukali. Alisema anaogopa siku Mungu atakapomwuliza watoto wa kaka yake aliwapeleka wapi. Nikajibu sawa. Sawa ni neno jepesi mtu akiwa hana kitu ndani.

Siku yenyewe mvua ilinyesha. Tuliwasikia wakienda misa, tukawasikia wakirudi. Mbuzi naye tukamsikia, bado analia. Adhuhuri ikapita, hakuna moshi, hakuna harufu. Baba mudogo akaweka kikombe chini.

"Hawa bantu leo hawapike?"

Nikaenda kuona. Mama Ngalula alikuwa amekaa mlangoni pa jiko na kitenge chake kipya, mikono mapajani. Watoto wake wamenuna kwa njaa.

"Mwamini," akaniambia, "mbuzi iko inangoja muntu wa kwenu. Kama hakuna, itabakia vile vile. Siye hatuwezi kula peke yetu."

Nikatazama chini. Unakijua kile kipande kando ya ukuta wao, ulipochimba shimo la damu na kupanga mawe kuelekea kibla. Mama Ngalula alipotia simenti kiwanja chote, pale alibakiza udongo. Baada ya kilio chako wanawe walitaka kupafunika, akakataa. Safari hii alikuwa ameweka bati juu, maji ya mvua yasijaze shimo.

Nikarudi nyumbani, nikashusha kisu chako kutoka juu ya kabati. Baba mudogo akaniangalia, akauliza tangu lini mwanamke anachinja. Nikamwambia ni wewe uliyenifunza kwa kuku, na kwamba mkono wa mwanamke Mwislamu unahalalisha sawa na wa mwanamume. Analijua hilo, amesoma kuliko mimi. Nikavuka njia, na nyuma yangu nikasikia sandali zake kwenye matope.

"Utaumia," akasema. "Mbuzi ana nguvu." Akashika miguu.

Nikasema Bismillahi. Sauti ilitoka ya kawaida. Ningependa kukuambia kwamba nilihisi kitu. Sikuhisi kitu, Baba.

Baba mudogo alinawa, akarudi nyumbani. Hakukaa mezani, na Mama Ngalula hakumlazimisha. Alimpelekea sahani iliyofunikwa, na sahani ikarudi tupu. Sijamwuliza neno, naye hajanieleza.

Mimi nilikaa. Mbele ya kiti chako walikuwa wameweka bega la mbuzi, sehemu yako. Nikachovya bukari kwenye sombe nikaona kavu, haina hata tone la mawese. Nikamwuliza Mama Ngalula kama mafuta yamekosekana sokoni.

Akasema, "Nitie mafuta, na nani atanisema?"

Hapo ndipo nililia, Baba. Nikalia na tonge mkononi, mbele ya watu na nguo zao za sikukuu, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Basi pumzika. Idi ikifika, Mama Ngalula atapata fungu lake kabla ya ndugu wengine, kama ulivyokuwa ukifanya. Na Noeli nyingine nikiwa hai nitavuka njia na kisu chako, Baba mudogo apende asipende. Nimeshamwambia yule mama arudishe mawese yake yote. Kumsema nitamsema mimi.

Mungu akupanulie kaburi lako.

Mwanao, Mwamini