Upande B wa Bugi la Babati

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Septemba ulipotutoka, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike hapa Nakwa tuna habari ya kukupa ambayo haiwezi kusubiri. Tulipanga kukuandikia kwa utulivu, kama familia nyingine zinavyowaandikia wapendwa wao. Tumeshindwa. Furaha imetuzidi. Tumeupata upande B!

Wasiokufahamu watuvumilie, tuanzie mwanzo. Ulikuwa Anselm Msengi, karani wa masijala, mzaliwa wa Kiomboi, uliyehamishwa kutoka Arusha mwishoni mwa mwaka 2002 pamoja na majalada ya mkoa mpya wa Manyara. Wenzako walipakia magodoro na makabati kwenye lori. Wewe ulikaa mbele kwa dereva umepakata boksi la kaseti, na tulipofika Babati hukuulizia kwanza nyumba ya kupanga. Uliulizia fundi redio mwaminifu.

Ulikuwa mpole. Mzee akija kutoka kijijini kufuatilia faili lake la mafao, hukumwambia njoo kesho. Ulimpa kiti, ukamwamkia shikamoo hata kama mnalingana umri, ukaingia katikati ya mashelfu na hukutoka mpaka umelipata, vumbi hadi kwenye nyusi. Haya tuliambiwa msibani na watu ambao hata hatukuwafahamu.

Lakini ukweli usemwe. Hakuna jalada la serikali ulilolipenda kama kaseti zako za Tandala Jazz, na si zile za studio. Za studio uliziita uji wa hospitali: safi, lakini chumvi hakuna. Wewe ulitaka zilizorekodiwa ukumbini, watu wakiwepo, viti vikiburutwa, mtu akimwita mhudumu. Ulikuwa nazo tatu: ya Dodoma ya mwaka 1978, ya Tabora ya 1981 na ya Moshi ya 1984. Tumekua nazo sisi kama watoto wengine walivyokua na binamu zao.

Ile ya Dodoma, mtu anakohoa kabla ya ubeti wa pili, na kila mara ulimwambia, "Pole, ndugu yangu." Miaka ishirini na zaidi unampa pole mtu yuleyule kwa kikohozi kilekile!

Na ile ya Tabora! Umeme unakatika katikati ya wimbo. Magitaa yote kimya. Mpiga tumba haachi, tarumbeta hazina haja ya umeme, na ukumbi mzima unapiga makofi kuwashikia mdundo, dakika nne nzima. Umeme unaporudi, gitaa la solo linaingia palepale lilipopaswa kuwa, kwa sababu yule bwana alikuwa akiendelea kupiga nyuzi muda wote ingawa hakuna aliyemsikia. Hapo ulikuwa unasimama na kikombe cha chai mkononi. "Hakuacha! Mnasikia lakini? Hakuacha!" Chai inamwagika kwenye kitambaa cha Mama, na Mama anakuangalia kwa jicho lile.

Mtindo wao, kwa wasioujua, uliitwa Acha Kiti. Ngoma zikigeuka, mwimbaji anapiga kelele, "Acha kiti!" na aliyekaa ukumbini sharti ainuke acheze. Ulisema kwenye kaseti za Tandala unaweza kuhesabu viti vikisogea, na tulikuona kweli ukihesabu.

Kaseti hizo ulizitunza kiserikali. Kila moja ilikuwa na namba ya jalada. Aliyeazima alisaini daftari, siku ya kutoa na siku ya kurudisha, na aliyechelewa aliandika barua ya kujieleza. Hata sisi wanao. Kaka yetu Allen aliwahi kukuandikia barua ya kujieleza mkiwa meza moja mnakula ugali, akakukabidhi juu ya bakuli la mboga, nawe ukaipokea, ukaigonga muhuri wa tarehe, ukaendelea kula.

Namba nne uliirekodi mwenyewe. Sikukuu ya Nane Nane mwaka 2003 Tandala Jazz walikuja Babati, wazee watupu sasa, kupiga bugi, dansi la mchana, kuusherehekea mkoa mpya. Hukulala usingizi wiki nzima! Ulimbembeleza Mama mpaka akakubali kukusindikiza, ukampa redio kaseti aipakate ili isigongwe na watu. Mwimbaji, kwa desturi ya bendi hizi ya kuwataja wapenzi wao, akakutaja kwa jina, wewe na mama watoto, akawataka muache kiti.

Hapo ndipo ulipoanzia ubishi wa nyumba yetu. Uliporudi ulitangaza kwamba Mama alicheza. Mama, ambaye mwezi uleule alikuwa amechaguliwa mzee wa kanisa, alikana.

"Ulicheza, Mama Allen."

"Sikucheza, Baba Allen. Nilikuwa nimepakata redio yako. Mtu anachezaje amepakata redio?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza mpaka leo."

Ubishi ulipozidi, mwezi uliofuata, ulisema ushahidi uko upande B, na hautasikilizwa na mtu hadi mtimize miaka thelathini ya ndoa, Juni 2004, mbele ya wageni. Ukaifunga kaseti kwenye bahasha ya jalada la siri, ukaitia kabatini, ukaficha ufunguo juu ya kabati, mahali ambapo nyumba nzima tulipajua.

Siku ile ya Juni wageni wamekaa, soda zimefunguliwa, ukaiweka. Ikatoka sauti ya mchele unaopepetwa, shhhh, basi. Ulisimama pale ukisubiri dakika arobaini na tano mpaka redio ikajizima yenyewe. Hukugomba. Kwa kuwa Allen ndiye aliyekuwa ametengeneza kitasa cha kabati mwezi uliotangulia, ulimwambia tu asiguse tena kaseti zako. Hakugusa, hadi unakufa.

Na wiki yako ya mwisho, hospitalini, ulimshika Mama mkono ukamwuliza tena huku unatabasamu, "Niambie tu. Ulicheza au hukucheza?" Mama akakujibu, "Sikucheza. Lala." Alidhani kuna kesho. Tangu siku hiyo Mama yetu hajasikiliza muziki. Mtu akifungua redio ya jirani anaingia ndani. Tulijua anachobeba, na hatukuwa na la kumsaidia.

Mwezi Julai tulikaa sebuleni kupanga kumbukumbu hii. Mama akasema, kama anasema peke yake, "Ile kaseti ingekuwepo, ningejua ni mimi niliyesahau au ni yeye aliyenitania." Hapo mimi Devotha, mtoto wako wa mwisho, ninayeandika haya kwa niaba ya wote, niliweka kikombe chini nikakiri.

Baba, si Allen. Ni mimi. Pasaka ya 2004 nilihitaji kaseti ya kurekodia sauti ya pili ya kwaya nikajifunzie nyumbani, na kaseti tupu sikuwa nayo. Nilipanda stuli, nikachukua ufunguo. Niliporekodi ndipo nikashtuka nilichofanya, nikafikiri: kwaya iko juu, Tandala wako chini, nikiifuta kwaya watabaki Tandala. Nikaifuta kwa uangalifu sana, upande mzima. Nilikuwa kidato cha pili, na somo la fizikia nilikuwa napata A.

Niliwaambia yote hayo nikilia. Allen alinigeukia.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu naziangalia kaseti za Mzee kwa mbali kama mwenye sukari anayeangalia soda. Kumbe ni wewe!"

"Nisamehe, kaka."

"Andika barua ya kujieleza," akasema, kisha akacheka hadi Mama naye akacheka, na tulikuwa na muda mrefu hatujamsikia.

Ilikuwa ni utani, lakini nilikwenda kweli kwenye boksi lako kutafuta mfano wa barua. Nikaikuta ya Severine, yule dereva wa basi wa Bonga. Aliiazima kaseti namba nne siku kumi baada ya bugi, kabla hujaitia kwenye bahasha, akairudisha Septemba mosi, amechelewa wiki nzima. Barua yake inasema, "Ndugu Mtunza Kumbukumbu, nasikitika kuchelewa. Gari liliniharibikia Kolo, nikasubiri kipuri siku saba." Umeipiga muhuri.

Allen aliisoma, akairudia.

"Huyu anadanganya. Wiki hiyo nilipanda basi lake kwenda Kondoa na kurudi. Halikuharibika hata pancha."

"Sasa alikuwa anafanya nini na kaseti?" Mama akauliza.

Tukainuka wote watatu. Baba, hatukumaliza hata chai!

Tulimkuta Severine uani kwake, anaosha basi. Alipomwona Mama aliweka ndoo chini.

"Shikamoo, Mama Allen."

"Marahaba, Severine. Gari lilikuharibikia Kolo?"

Alisimama kama mwanafunzi. Akasema Mzee alikataza kurudufu kaseti zake, kwa kuwa nakala hupunguza asili, naye aliipenda ile kaseti akashindwa kuvumilia. Aliirudufu kwa rafiki yake mwenye redio ya mikanda miwili, akaona aibu kukwambia. "Naipiga kila safari, Mama. Abiria wangu wa Bereko wanaijua yote. Nilidhani ninyi mnayo ile yenyewe."

Upande B ulikuwa ndani ya redio ya basi muda wote huo, Baba, unapita mbele ya geti letu asubuhi na jioni!

Mama alikaa kiti cha nyuma ya dereva, mkoba mapajani. Sisi tulisimama. Severine akabonyeza.

Kwanza makofi. Kisha mwimbaji, sauti imekwaruza kwa uzee: "Namwona karani wetu Anselm Msengi, masijala ya mkoa mpya, na mama watoto wake. Hamjambo wenyewe? Acha kiti!" Tumba zikageuka. Tukasikia viti, vingi, na nikajikuta navihesabu. Halafu kwa muda hakuna kitu, muziki tu, na Mama akainamisha kichwa. Nikajua amekata tamaa.

Kisha tarumbeta zikaanza kusogea.

Ni Allen aliyeelewa kwanza. "Redio inatembea," akanong'ona. Na kweli! Tarumbeta zinakuja karibu, zinaondoka, zinarudi tena, zinaondoka. Mtu anazunguka, na redio anayo mkononi. Tukasikia pumzi. Tukasikia viatu. Tukasikia mwanamke anacheka, cheko la mtu asiyejua kama anasikika, na sisi aliotuzaa tukalitambua hilo cheko kabla hajamaliza.

Halafu ukaja wewe. Karibu kabisa, kama uko kiti cha pili.

"Taratibu, Mama Allen, utaiangusha redio!"

"Wewe nawe! Achana na redio, cheza!"

Severine alinyoosha mkono kuzima, maana Mama alikuwa amejifunika uso. "Acha," Mama akasema. Alilia na kucheka hadi wimbo ukaisha, dakika kumi na moja. Ulipoisha akaomba urudiwe. Ulirudiwa mara tatu, na mara ya tatu Allen alikuwa anacheza na ufagio katikati ya viti vya basi, mtu mzima mwenye mke na watoto.

Tukiwa njiani kurudi Nakwa Mama alisema jambo moja tu. "Alikuwa anajua. Hakuhitaji kaseti. Alitaka kusikia kwangu."

Sasa pokea taarifa ya masijala. Kaseti mpya imefunguliwa jalada. Severine ameandika barua ya pili ya kujieleza, safari hii ya kweli. Yangu imeambatanishwa, kurasa mbili. Allen amerudishiwa haki zake zote na ndiye anayetunza ufunguo, na hatatuambia ameuficha wapi. Mama anasikiliza muziki tena. Jumamosi iliyopita umeme ulipokatika Tabora, alisimama na kikombe chake cha chai akasema, "Hakuacha!" Kitambaa kimeharibika, na safari hii hakuna wa kuangaliwa kwa jicho.

Unakumbukwa kila siku na wanao Allen na Devotha. Mkweo Evelyne na wajukuu zako. Mdogo wako Gerson wa Kiomboi. Wenzako wa masijala, ambao mpaka leo hawajapata mtu wa kufungua jalada kwa dakika mbili. Na Severine pamoja na abiria wake wote wa barabara ya Dodoma. Hutasahaulika kwetu, Baba, wala leo wala kesho.

Mkeo Kornelia, Mama Allen, amekataa jina lake kuingia kwenye orodha hiyo. Amesema neno lake liwekwe peke yake, hapa chini, ambapo wazee wenzake wa kanisa nao watalisoma:

Baba Allen, nilicheza.