Mfuko wa Tatu wa Kamasi

Jumatatu, 3 Machi
Kinyaa, jamani. Leo tumeanza kumpima tembo wa bustani ya wanyama kama ana kifua kikuu. Wanamwita Bi Mkubwa. Asubuhi tatu, mifuko mitatu. Namimina maji ya chumvi mkongani, mtunzaji anamwinua kichwa, kisha tembo anapuliza kwenye mfuko nilioushika. Nusu mfukoni, nusu kwangu. Kamasi nzito kama uji uliolala. Mtunzaji ni shemeji yangu, mume wa dada. Amecheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 4 Machi
Mfuko wa pili. Kamasi imeingia mpaka ndani ya glavu. Nimetapika nyuma ya banda. Shemeji anasema nimesomea wanyama lakini nimeumbiwa ofisi. Aende zake!

Jumatano, 5 Machi
Sikuweza. Nimempa shemeji mfuko, nikageukia ukuta, pua nimeziba. Kaniletea umejaa, umefungwa vizuri. Kwenye fomu, penye mchukuaji sampuli, nimetia sahihi yangu.

Jumanne, 11 Machi
Majibu. Wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu — vijidudu vipo.
Daktari mkuu anasema mmoja unatosha. Ijumaa Bi Mkubwa atachomwa sindano, asiamke tena. Shemeji kakaa chini bandani, juu ya kinyesi, analia. Miaka kumi na minne kamlisha kwa mkono wake. Nikamwambia pole. Najichukia.

Jumatano, 12 Machi
Nimemuuliza taratibu: shemeji, ule mfuko wa tatu uliufanyaje? Ulikuwa umegandana, anasema, akaupuliza kwa mdomo ufunguke. Kama mifuko ya sokoni! Na kikohozi? Cha vumbi tu, tangu Desemba.
Nikisema, tembo atapimwa upya, na yeye pia. Kazi yangu kwaheri, sahihi ni yangu. Nikinyamaza, Ijumaa inafika. Mficha maradhi kifo humuumbua — na mimi naficha ya mwenzangu.
Jioni nimekuja kwao nimwambie dada kwanza. Nikamkuta shemeji kampakata mtoto, anamlisha uji. Anapuliza kijiko, anaonja, anampa. Anakohoa pembeni, anapuliza tena. Nikakimbilia chooni. Ndipo ninapoandikia.
Nilidhani kinyaa ni cha kamasi. Kumbe ni changu mimi, niliyegeukia ukuta.
Dada anagonga. Una nini humo, mdogo wangu, toka basi, na mtoto hataki kumaliza uji, njoo umsaidie shemeji yako.
Nimeshika kitasa.