Milamula ya Korongoni

Jumatatu, 3 Juni

Uji wa ulezi, nusu kikombe. Anisia ameukoroga mpaka ukapoa, kama kila asubuhi. Mkono wangu hauwezi tena kijiko kwenye uji wa moto. Natetemeka na kujimwagia. Yeye ni mke wa mwanangu. Mwanangu yuko kazini Rubwera, huja mwisho wa mwezi. Anayenigeuza kitandani ni Anisia.

Miguu imevimba kuliko jana. Daktari alisema kahawa ya msimu huu nitaiona ikianikwa; kwamba nitaiona ikikobolewa, hakuahidi. Leo imeanikwa uani. Nimeiona.

Mchana kaja Hamisi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenyekiti wa kamati ya bustani. Ameota tumbo, anacheka kabla ya kusema. Ukingo wa mto, pale panapotupwa taka za mji mzima, patasafishwa. Njia ya kutembea, viti, vivuli, bomba la maji, mahali pa watoto na pa kupigia picha za harusi. Watu wamejitolea na mapanga tangu wiki iliyopita. Kazi nzuri. Nimemwambia hivyo na nilimaanisha.

Kisha akatoa habari aliyoijia. Kamati imeamua bustani iitwe kwa jina langu. Mwalimu wa mji, mzee pekee aliye hai kati ya viongozi wa kijiji wa zamani.

"Mzee wangu, utakufa ukiacha bustani yenye jina lako," akasema. Anisia akamkazia macho. Hamisi akaomba radhi, akacheka tena.

Sikulala baada ya chakula. Nilikuwa nafikiria ukingo ule.

Jumatano, 5 Juni

Naandika penseli. Kalamu inahitaji nguvu.

Miaka arobaini iliyopita ukingo ule haukuwa jalala. Ulikuwa kibanja cha Paskazia. Migomba mizuri, kahawa, maharage chini yake. Mumewe alifariki akazikwa humo humo, kama tuzikavyo watu wetu, kwenye migomba yao. Mimi nilisoma sala kaburini. Nilikuwa mwalimu, mzee wa kanisa, tena katibu wa kijiji. Nilikuwa kila kitu.

Mwaka uliofuata ulifanyika mkutano wa mipaka. Nilisimama na ramani mbele ya kijiji kizima, nikaeleza mto unatoka wapi na unaelekea wapi. Paskazia alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake. Alisoma darasa la nne tu. Akasema, "Mwalimu, ramani umeigeuza kichwa chini. Mto wako unapanda kilima." Akacheka. Kicheko cha wazi, kama maji yanayomiminwa mtungini. Mkutano wote ukacheka naye.

Kwa muhula mzima nilikuwa nikigeuka kuandika ubaoni nasikia watoto wakinong'ona nyuma yangu: mto unapanda kilima.

Sikutaka ardhi yake. Nilitaka asicheke.

Ijumaa, 7 Juni

Hamisi kaleta karatasi ya tamko. Mistari mitatu. Kwamba ukingo ni ardhi ya umma tangu zamani. Kwamba haukuwa na mmiliki. Kwamba hakuna kaburi ndani yake. Katapila linakuja Alhamisi kusawazisha, na bila tamko la mzee wa enzi zile halitaruhusiwa kuchimba.

Nimetia sahihi. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Nashangaa.

Kwa kuwa sasa hakuna wa kunihukumu isipokuwa daftari hili, naandika nililofanya baada ya mkutano ule. Mchana mmoja wa mvua, watu wakiwa ndani, nilishuka kibanjani kwa Paskazia. Yeye alikuwa kwao Kihanga kwenye msiba. Niling'oa milamula yake yote, ile miti ya kupanda mpakani. Kwetu mulamula ndio hati: umesimama mpakani, hakuna mwenye akili atakayeugusa. Umesimama kichwani mwa kaburi, hata mlevi hupita kando. Niling'oa kumi ya mpaka na mmoja wa kaburi. Nikaitupa korongoni, mmoja mmoja. Kaburi nililisawazisha kwa jembe nikafunika majani ya migomba.

Wiki iliyofuata niliandika katika kitabu cha kijiji kwamba kibanja kile kimeingia katika ukingo wa mto na hakina mpaka unaoonekana. Paskazia alihamishiwa Ihembe pamoja na watoto wake watatu, kwenye nyasi tupu zisizoota mgomba mpaka uzilishe samadi kwa miaka. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Mtoto wake wa mwisho alikufa msimu wa kwanza. Nililisikia tangazo lake kanisani. Nikaendelea na wimbo.

Migomba yake ilikatwa. Hakuna aliyepewa ardhi ile. Ndoo ya kwanza ya taka ilimwagwa na mpishi wa shule yangu. Nilimwona, sikumkataza.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Anisia alikwenda, akarudi na habari.

Waliokuwa wakifyeka korongo wameona milamula. Mikubwa, minene, imesongamana chini ya vichaka. Kumi na mmoja.

Nilikuwa nimesahau mti ule ulivyo. Unakata fimbo yake, unaisahau nje ya mlango, inatoa majani. Nami niliitupa na mizizi yake kwenye tope.

Habari imefika Ihembe. Paskazia anakuja kesho na binti yake. Hataki ardhi, amesema mbele ya kamati. Anataka mifupa ya mumewe kabla ya katapila, aipeleke Ihembe, ili naye akifa alale kando yake. Hamisi amempa mpaka Alhamisi asubuhi.

"Na atajuaje kaburi liko wapi?" nikauliza.

"Kwa mulamula, Baba," Anisia akasema. "Atajuaje vinginevyo?"

Jumanne, 11 Juni

Nimeomba kupelekwa mtoni. Nimekaa na Anisia kwenye bajaji, nimefunikwa blanketi, juu ya ukingo. Watu wakanipisha kwa heshima.

Paskazia haoni vizuri, macho yana ukungu, na taka za miaka arobaini zimebadili sura ya ukingo. Aliingia korongoni akiongozwa na binti yake, akawa anapapasa mashina kwa viganja. Akafika kwenye mnene kuliko yote, akaukumbatia. Akasema, "Huyu ndiye. Huyu nilimpanda mimi, kichwani kwake." Wanaume wakachimba.

Hakuna kitu. Tope na chupa.

Akasema basi ni ule wa pili. Wakachimba. Ule wa tatu. Mpaka jioni mashimo matano, na yeye amekaa chini kwenye matope, anasikiliza kila jembe.

Ni kweli alikuwa amemkumbatia aliyempanda mwenyewe. Ila mimi ndiye niliyemhamisha.

Kaburi liko juu, penye majivu ya taka. Kutoka jiwe la zamani la kufulia nguo, hatua ishirini na mbili kuelekea barabarani. Nilizihesabu siku ile ya mvua. Sijui kwa nini nilihesabu. Jiwe limefukuliwa na wasafishaji, linaonekana. Kutoka kwenye bajaji nililiona vizuri.

Nilikaa kwa muda wa saa nne. Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli: moyo huu mgonjwa ulikuwa unafurahi kumwona akikosea. Kwamba sasa yeye ndiye aliyegeuza ramani.

Jumatano, 12 Juni

Mashimo sita mengine tangu alfajiri. Milamula yote kumi na mmoja. Hakuna.

Saa nane mchana Paskazia kaja hapa nyumbani. Nina miaka themanini na mmoja, yeye sabini na tano. Alipiga magoti kwenye saruji, matope mpaka kiunoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Miaka arobaini amenipa shikamoo. Kanisani, sokoni, kwenye misiba. Nami nimeipokea kila mara.

Akasema, "Mwalimu, siku ile ulisoma wewe sala. Ulisimama upande wa miguu. Mimi nililia, sikuona kitu. Nikumbushe tu tulikuwa tumesimama wapi."

Nikamwambia nimesahau. Uzee.

Akasema pole. Pole kwangu! Akafungua kipande cha jani la mgomba, akaniachia kahawa ya kutafuna, kama mgeni mwema. Sina meno. Akaondoka.

Anisia alikuwa mlangoni muda wote, ungo wa maharage mkononi. Paskazia alipokwisha kupita uani, akaingia, akasimama mbele yangu.

"Baba, mulamula uliopandwa husimama. Ile ya korongoni yote shina lake limelala kwanza, ndipo likainuka. Ilitupwa." Akaweka ungo chini. "Na wewe jana hukuangalia mashimo. Ulikuwa unaangalia jiwe."

 Jioni akaweka uji juu ya stuli, akatoka. Hakuukoroga.

Nimeutazama mpaka ukaganda. Nimeogopa. Sikumwogopa Mungu, maana huyo nimemzoea. Nimeogopa kufia mikononi mwa mtu anayejua.

Nimemwita. Nimemwambia kila kitu. Hakulia, hakunitukana. Akasema, "Kesho saa moja utavaa koti."

Alhamisi, 13 Juni

Naandika nikiwa nimelala. Maneno yanapanda na kushuka.

Katapila lilikuwa limeshawashwa tulipofika. Walinishusha na kiti cha plastiki wakaniweka kando ya jiwe la kufulia. Watu wengi. Paskazia na binti yake mbele, wameshika sanduku dogo la mbao walilolitengeneza tangu Jumatatu.

Nikasema kaburi liko hatua ishirini na mbili kutoka hapa. Hamisi akanitazama kama mtu aliyeuziwa saruji iliyoganda.

"Mzee, si ulitia sahihi hakuna kaburi?"

Nikasema niliongopa. Sauti yangu haikufika mbali. Anisia akalirudia kwa nguvu, neno kwa neno. Kisha akapiga hatua ishirini na mbili, wakachimba.

Majivu, chini yake udongo mtupu.

Watu wakaanza kuzomea. Mtu mmoja akasema mzee amerudia utoto. Mwingine, kwamba namchezea mjane hadharani. Hamisi akamwashiria dereva wa katapila. Nikapiga kelele, nikakosa pumzi. Kwa mara ya kwanza katika jambo hili nilikuwa nasema kweli, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniamini. Hata Anisia alitazama chini.

Nikaona viatu vyake. Anisia ni mfupi. Hatua zile nilizipiga nikiwa mwanaume mrefu, mwenye hasira.

Nikaomba aje mrefu kuliko wote. Akaja fundi wa bomba. Nikamwambia atembee kama anayemkimbiza mtu. Akapita shimo la Anisia kwa mbali, akasimama.

Jembe la nane likagusa. Kwanza bizimu ya mkanda. Paskazia akaipokea, akaisugua kwa kidole gumba, akaiweka kinywani akaiuma kidogo, kama mtu anayepima sarafu. Hakusema ni yenyewe. Akakaa tu na kufungua sanduku.

Walipomaliza kukusanya, nikasema lililobaki. Kwamba milamula niling'oa mimi. Kitabu niliandika mimi. Sababu ni kicheko. Anisia hakulirudia hili. Halikuhitaji kurudiwa, walisikia.

Kisha nikafanya kitu ambacho hakuna mzee wa kwetu anayemfanyia aliye mdogo kwake. Nilisema, "Shikamoo, Paskazia."

Nilitaka aseme marahaba. Nilidhani neno hilo moja lingenitosha.

Alikuwa amebeba sanduku kichwani. Akageuza uso upande wa sauti yangu. Akacheka. Kilekile, hakikuzeeka hata siku moja.

"Mwalimu," akasema, "leo mto umepanda kilima."

Hakuna aliyeelewa kama mimi na yeye. Akaondoka na binti yake kwenda barabarani.

Jumamosi, 15 Juni

Mwanangu kapiga simu kutoka Rubwera. Aliongea na Anisia muda mrefu. Hakuomba kuongea nami.

Nimejaribu kujuta kwa ajili ya yule mtoto wa Ihembe. Najuta, lakini kila nikianza nasikia kicheko kwanza, na chuki ya zamani inanyanyua kichwa. Nilidhani kusema kutaiua. Haikufa. Imezeeka tu pamoja nami.

Pumzi fupi. Naweka penseli.

Jumapili, 23 Juni

Kahawa imekauka. Wanaiweka magunia.

Hamisi hakuja. Anisia anasema ukingo umesawazishwa, njia imemwagwa kokoto, na ubao uliokuwa na jina langu umepigwa rangi upya. Sasa umeandikwa Bustani ya Mtoni. Milamula yote kumi na mmoja imebaki korongoni, imewekewa uzio mdogo. Ule mnene Paskazia aliagiza ukatwe fimbo moja, ikapelekwa Ihembe.

Dirisha liko wazi. Kuna watoto huko chini, nadhani kwenye bembea.

Uji umeletwa. Haukukorogwa. Nimeukoroga mwenyewe, nimejimwagia kidogo, nimekunywa.