Moja, Tatu, Nne, Mbili

Nyumba ya kona, geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili asubuhi, tarehe 17.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Na lile goti linalokusumbua wakati wa mvua limetulia? Uliniambia daktari amekukataza kupanda ngazi. Najua hukumsikiliza, maana nyumba yenu ni ya ghorofa na wewe ni mtu wa kushuka kufuata kila kelele ya mtaani. Watoto nao natumaini ni wazima. Sisi huku tunapumua, na mimi leo nina furaha hata nimeshika kalamu kabla ya kuosha vyombo vya chai.

Kaka yako anakusalimu. Usinionee huruma, wifi. Nikisema anakusalimu, namaanisha hivyo hasa, na nitakueleza.

Kwanza ile barua yangu ya mwezi uliopita. Naomba uichane, na vipande vyake uviwashie jiko. Nilikuandikia kwamba tangu apigwe na kiharusi, kaka yako amebaki mwili tu kitini. Mkono wa kulia umelala, maneno yamekauka, na akili imevurugika hata kuhesabu hawezi. Nikakuomba uje umchukue, ukae naye huko kwenu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kumlisha mtu asiyenijua. Nawe hukunilaumu. Ulinijibu kwa mistari mitano kwamba chumba kiko tayari na utafika mwisho wa mwezi. Nililia juu ya karatasi yako, nusu kwa shukrani, nusu kwa aibu. Miaka thelathini na moja umenitania kwamba nilikuibia kaka, kumbe nilikuwa tayari kumrudisha kama sufuria ya kuazima.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Muuguzi wa mazoezi huja kila Jumanne. Ni binti mpole, sina ubaya naye. Akishamnyoosha mkono na mguu, humwambia, "Haya mzee wangu, tuhesabu." Kaka yako hukunja uso, huhangaika na midomo, kisha hutoa: "Moja. Tatu. Nne. Mbili." Kila Jumanne ni hivyo hivyo. Muuguzi huandika kwenye fomu yake, nami hujifanya nina kazi jikoni. Maneno mengine yote yalikuwa yamemtoroka, hata jina langu, ikabaki hiyo hesabu ya kurukaruka. Sikuithamini hata kidogo.

Basi, kwa kuwa anaondoka, nikaamua kumuuza na mke mwenzangu. Unamjua, lile gari la rangi ya krimu lililokula Jumapili zangu zote. Wewe umelelewa chini ya boneti. Mimi nimeolewa na fundi lakini chuma kwangu ni chuma. Hata hivyo sifa zake nazijua, maana nimesimuliwa mezani mpaka wali ukapoa. Injini ya petroli, silinda nne kwa mstari mmoja, CC elfu moja mia tatu, kabureta moja, oili lita tatu na nusu. Na maradhi yake nayajua pia. Gasketi ya kifuniko cha valvu huvuja hata ukiibadilisha leo. Akichemka mara moja tu kwa kukosa maji, gasketi ya silinda hedi imekwenda na maji. Kabureta ikiingia uchafu, hukohoa. Mnyororo wa taimingi ukilegea, hulia kama mtu anayetikisa mbegu kwenye kopo. Kaka yako alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba injini hizi za zamani hazifi ovyo, zinalalamika tu, na fundi ni yule anayesikiliza.

Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Tulipatana aje Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, saa nne. Gari lilikuwa limelala miezi saba, nikaogopa kuumbuka. Jirani akanichajia betri, nami Ijumaa nikafungua boneti kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu. Nilikuwa nimemwona kaka yako mara nyingi akitoa plagi na kuzipiga brashi. Nikachomoa nyaya za plagi kwenye kifuniko cha distributa, kile kinachozigawia umeme, isipokuwa ule wa silinda ya kwanza, ambao uling'ang'ania. Nikafuta, nikapiga brashi, nikajisifu kimoyomoyo. Wakati wa kurudisha, nikazipanga kama mtu mwenye akili zake: moja, mbili, tatu, nne, kuzunguka kile kifuniko. Nani angepanga vinginevyo?

Jumamosi nikamtoa kaka yako na kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni mwa gereji, apate jua. Nikaingia garini, nikageuza ufunguo. Wifi, ilikuwa vita. Gari lilikohoa, likatikisika, likatema mwali kwenye kabureta, kisha likapiga mshindo kwenye eksozi mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Nikajaribu tena, likapiga mwingine.

Nikasikia nyuma yangu: "Moja! Tatu! Nne! Mbili!"

Haikuwa ile sauti ya Jumanne. Ilikuwa sauti ya fundi anayemgombeza mtu aliyeshika spana vibaya. Nami, na hili linaniuma mpaka sasa, nikamgeukia kwa hasira nikamwambia, "Nyamaza, mzee, hesabu zako zimenichosha." Hakunyamaza. Akapiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto, mara nne, akarudia, akaunyoosha ule mkono kuelekea kwenye injini.

Nikamsogeza karibu ili atulie tu. Akainama, akaanza kusugua kwa kidole gumba kile chuma kinachobeba kabureta. Grisi ilikuwa imeganda juu yake miaka na miaka. Nikampa kitambaa, akasugua. Chini ya ile grisi zikatokea namba, zimetoka pamoja na chuma chenyewe tangu kiwandani: 1-3-4-2. Nikazipapasa kwa kidole, moja baada ya nyingine.

Ndivyo cheche inavyozifikia silinda, wifi. Ya kwanza, kisha ya tatu, ya nne, na ya pili mwisho. Mwenzangu alikuwa anahesabu sawasawa kila Jumanne, na mimi nilikuwa najificha jikoni.

Hapo ndipo nikakumbuka kisa ulichonisimulia wiki ya harusi yangu, nikacheka hadi nikapaliwa. Kwamba marehemu baba yenu, fundi wa mafundi, aliwapanga watoto wake wanne kuoga kwa mpangilio wa injini: kifungua mimba, ndiye huyu mume wangu, kisha wa tatu, kisha wa nne, na wewe wa pili ukawa wa mwisho kila jioni, ukiogea maji yaliyogeuka uji. Kisa chote nilikisikia, nikakisahau. Na katika barua yangu nikakuandikia tu kwamba hawezi kuhesabu, bila kukutajia namba zenyewe. Ningezitaja, wewe ungejua papo hapo.

Tukazirudisha nyaya pamoja. Yeye anataja, mimi nachomeka, na nikikosea tundu anaugonga mkono wangu kama mtoto aliyeiba sukari. Nikageuza ufunguo. Injini ikashika, ikatetemeka, ikatulia. Kaka yako akainamisha sikio, akakunja uso, akazungusha kidole hewani. Nikaleta bisibisi, nikaigusa skrubu ndogo ya kabureta aliyonionyesha, robo mzunguko tu, na muungurumo ukawa laini. Akanyanyua kidole gumba. Halafu akalia. Nami nikalia, nikambusu kipara chake chenye grisi, nikamwomba msamaha mbele ya injini inayonguruma.

Mwalimu mstaafu alitukuta hivyo hivyo, akauliza kwa adabu kama gari lina tatizo. Nikazima. Kaka yako akaninyooshea mkono, nikampa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati lake na kuufunga mfuko kwa kifungo. Mwalimu akaelewa. Alikunywa chai, akaenda zake.

Muuguzi nilimwonyesha zile namba Jumanne iliyofuata, akashika mdomo. Siku hizi mazoezi ya kusema yanafanyika gerejini. Ametamka plagi, ametamka kabureta, na juzi akasema oili akinionyesha tone sakafuni. Daktari hajatuahidi kitu, nami sikuahidi. Jina langu bado. Wivu ninao, sitakuficha, maana mke mwenzangu ametajwa kwanza na viungo vyake vyote. Ila asubuhi, kabla hatujaondoka kitandani, hunishika mkono akasema moja. Mimi nasema tatu. Yeye nne, mimi mbili. Kisha tunabaki tumeshikana mikono kidogo. Ndiyo mazungumzo yetu, na nayapenda.

Kwa hiyo, wifi yangu, njoo mwisho wa mwezi kama ulivyopanga, lakini njoo kumsalimia. Kile chumba mpe kijana wako aliyejaza vitabu sebuleni. Nisamehe kwa kukusumbua, na kwa kukata tamaa mapema juu ya mtu ambaye wewe ulimjua kabla yangu. Nilichoka, ndiyo kweli yote. Bado huwa nachoka, lakini sasa nachoka nikiwa na mwenzangu.

Nisalimie shemeji, mwambie asikuachie mizigo siku ya safari. Nisalimie watoto mmoja mmoja, na shangazi wa ghorofa ya chini, umfikishie pole yangu ya macho yake. Mungu akulinde njiani, akupe goti la msichana, akufikishe kwetu salama.

Ukifika, usipige hodi. Kaka yako huwa kitini mlangoni mwa gereji saa za asubuhi, anahesabu peke yake. Simama nyuma yake umsikilize. Wa tatu na wa nne wenu wametangulia mbele ya haki, mmebaki wawili, na hiyo mbili mimi nakushikia tu. Akishasema nne, atakayenyamaza nitakuwa mimi. Mbili iseme wewe.

Wako akupendaye,
wifi yako aliyekuibia kaka, na harudishi.