Mvumo Sebuleni kwa Hakimu

Jumatatu, 3 Machi

Kazi ya Hakimu nimeipata mimi! Hakimu mstaafu, nyumba ya nyuma ya shule, sebule pana yenye zulia zito na mapazia yanayoburuza sakafuni. Spika tano, sabufa moja, amplifaya mpya ambayo bado iko kwenye boksi, televisheni kubwa kama mlango. Si vya Hakimu mwenyewe. Ni vya mke wake. Macho ya Bibi yamefifia, picha anaiona kama ukungu tu. Anataka sauti imzunguke, ajue nani kaingia kwa mlango upi na nani kasimama nyuma ya nani. Nimempenda papo hapo. Wateja wengine shida yao besi ya kutikisa madirisha, basi.

Wifi, ambaye ndiye anakaa kaunta dukani kwetu, kasema kazi hii nikiiharibu tusijuane. Miaka ishirini na miwili nafunga spika kwa masikio haya. Sijaharibu bado.

Mafua lakini. Kichwa kizito.

Jumanne, 4 Machi

Kutwa nzima chini ya zulia napitisha nyaya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Magoti yamekoma. Nilipoinuka nikapata kizunguzungu, nikashika kabati la watu. Sikio la kushoto limeziba — mafua haya! Nimepenga kamasi mpaka machozi yakanitoka, wapi. Litafunguka lenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimewasha. Picha safi. Sauti safi pia, isipokuwa spika ya mbele kushoto. Imepooza. Inasikika kama imefunikwa blanketi.

Nimekaza nati. Nimebadilisha waya. Hola. Nikafanya lile jaribio ambalo kila fundi analifanya: spika ya kushoto nikaipeleka kulia, ya kulia nikaileta kushoto. Ubovu ukihama na spika, spika ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, tatizo liko nyuma yake. Ulibaki palepale. Kushoto. Basi ni amplifaya. Nikampigia muuzaji nikamfokea kweli kweli. Anaapa aliijaribu kabla ya kuitoa. Wote huapa.

Hakimu kaniletea chai mwenyewe. Sijui alinisemesha nini, nilikuwa nimeinamia waya. Nilipogeuka alikuwa anaondoka, kidogo kama kaudhika.

Jumatatu, 10 Machi

Amplifaya ya pili. Hali ileile! Nimekaa sakafuni nikiiangalia kama mtu aliyeibiwa.

Nikasema ni pazia. Pazia zito humeza sauti, hilo si uongo. Nikalishusha lote, Hakimu kasimama mikono mgongoni ananitazama nikiuvua nguo ukuta wake. Afadhali kidogo? Labda. Nikaipandisha spika ya kushoto kwa rimoti mpaka zikalingana kulia na kushoto. Hapo nikapumua.

Bibi akatikisa kichwa. Anasema huku kushoto kunampigia kelele, watu wote wa kwenye filamu wamehamia upande mmoja. Nikamwambia kwa adabu zote kuwa mashine mpya huwa hivyo, atazoea. Hakimu naye akadai hata yeye anasikia kushoto kumezidi. Nikampa somo la kuta na mwangwi mpaka akachoka, akanyamaza. Moyoni nasema: wazee, masikio yamechakaa.

Jumatano, 12 Machi

Wifi kanivuta pembeni. Ananiuliza, kaka yangu kakukosea nini? Eti wiki sasa akinisemesha mezani namnyamazia. Mimi? Sijanuna! Kumbe Baba watoto ameshaniomba radhi mara mbili, kwa kosa ambalo hata silijui. Nimecheka mpaka nikakaa. Nikamwambia Wifi, mwambie kaka yako apaze sauti, anaongea kama anaungama.

"Au wewe umetia pamba masikioni?" Utani wake. Leo sikuupenda.

Ijumaa, 14 Machi

Sasa mvumo. Juu ya yote hayo, mvumo! Mwembamba, haukatiki, kama friji ya jirani. Kwa Hakimu nimeusikia mara tu nilipokaa kimya kupima spika za nyuma. Yeye anasema hausikii. Bibi naye hausikii, na ndiye aliyelalamikia kelele! Nimewaambia mvumo upo, mimi ndiye fundi, Jumatatu nitaukamata.

Nina hasira na nyumba ile.

Jumatatu, 17 Machi

Niandike taratibu.

Mvumo huwa na chanzo. Soketi isiyo na waya wa ardhini, kebo ya antena, au waya wa sauti uliolala ubavuni mwa waya wa umeme. Unachomoa kimoja kimoja mpaka unyamaze, na cha mwisho ulichochomoa ndicho mwizi wako. Nimewafundisha watu wangapi hivyo.

Nikachomoa antena. Mvumo. Sabufa. Mvumo. Kebo ya televisheni. Mvumo. Spika moja moja, mpaka amplifaya ikabaki peke yake. Mvumo. Nikaichomoa amplifaya yenyewe ukutani. Mvumo! Nikasema basi ni friji, nikaenda jikoni kwa watu nikaizima. Nikazima feni. Hakimu ananifuata nyuma. Mwisho nikaenda kwenye swichi kuu pale koridoni, nikashusha nyumba nzima.

Hakimu akasema, haya, sasa kimya. Bibi akaitikia kutoka sebuleni kuwa kimya kweli, mpaka anasikia saa ya chumbani.

Na mimi nimesimama koridoni, mkono bado uko kwenye swichi, nausikia. Kushoto.

Nikaziba sikio la kulia kwa kidole. Hakimu alikuwa ananiuliza kitu. Midomo inacheza, sauti hakuna. Midomo tu.

Nikarudisha umeme. Nikasema tatizo nimeliona, nitarudi. Sauti yangu ilitetemeka na nadhani waliisikia, wao wanasikia. Nimefika nyumbani bila mfuko wa bisibisi. Sijawahi kusahau mfuko wa bisibisi mahali popote.

Jumanne, 18 Machi

Sikwenda dukani. Nimemwambia Wifi tumbo.

Simu sikio la kulia, muziki. Simu sikio la kushoto, hakuna. Nimefanya hivyo mara ishirini kama mwehu. Hamisha, rudisha. Hamisha, rudisha.

Spika mbili za watu nimezitukana. Amplifaya nzima nimeirudisha, na muuzaji nimemwita mwongo. Pazia la watu nimeling'oa.

Naogopa. Sina neno jingine.

Alhamisi, 20 Machi

Hospitali. Daktari wa masikio, mwanamke, umri wa binti yangu, makini. Aliangalia ndani kwa kurunzi. Nilikuwa naomba aseme ni nta. Sijawahi kuiombea nta hivyo! Akasema sikio ni safi.

Wakaniingiza kwenye kijumba cha kupimia. Hedifoni kichwani, kitufe mkononi, bonyeza ukisikia mlio. Milio yenyewe naijua, ni ya aina ileile ninayopimia spika. Kulia nilibonyeza kama mchezo. Ikaja zamu ya kushoto. Nikasubiri. Nikasubiri. Nikadhani hajaanza. Nesi akanifungulia mlango, kumbe amemaliza.

Daktari akaniuliza ilianza lini. Nikasema siku tano hivi.

Uso ukamfunguka. Akanieleza kuwa mshipa wa ndani umepata hitilafu, hutokea ghafla, dawa ipo ila wiki mbili za mwanzo ndizo zenyewe. Baada ya hapo ni kubahatisha. Kwa siku tano, akasema, tuna nafasi nzuri. Vidonge, kisha nirudi Alhamisi ijayo kupimwa tena.

Kwa nini nilisema tano? Najua kwa nini. Niliona haya. Fundi wa sauti mzima, anatafuta kasoro kila pembe ya nyumba ya watu isipokuwa kichwani mwake.

Nimerudi nimefungua daftari hili. Tarehe nne. "Sikio la kushoto limeziba." Mwandiko wangu mwenyewe. Siku kumi na sita.

Jumamosi, 22 Machi

Nilijikaza nikaenda kumaliza kazi ya Hakimu. Mfuko wa bisibisi waliniwekea juu ya meza, umefungwa vizuri.

Nikaifunga tena amplifaya ya kwanza, niliyopitia kuichukua kwa muuzaji, haikuwa na kosa lolote. Nikalipandisha pazia. Hakimu hakuuliza. Kisha nikamketisha Bibi kwenye kiti chake, nikashika rimoti, nikamwambia leo yeye ndiye ataniambia. Akaniambia kushoto nipunguze. Tena. Tena kidogo. Kulia pawe hivyohivyo. Nilikuwa nabonyeza tu. Sikujua nafanya nini. Miaka yote hii mimi ndiye huwaambia watu, mnasikia tofauti? Leo naambiwa.

Katikati ya kazi akasema, "Mwanangu, kila nikizungumza nawe sauti yako inanijia ya pembeni, kama unaongea na ukuta. Ni sikio lipi?"

Nikamwambia la kushoto. Mtu wa kwanza kumwambia, hata Baba watoto bado.

Akasema macho yake yalipoanza, yeye alidhani ni balbu. Mwaka mzima alimnunulisha Hakimu balbu, kila wiki analalamika chumba kina giza, mpaka wakajaza droo. Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Akaniambia, haya, kushoto bado, punguza moja.

Nikapunguza. Akasema hapohapo. Mlango ukafunguliwa kwenye filamu, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye spika ya nyuma kulia. Kaingia huku, akasema. Alikuwa na furaha. Nikafunga mfuko wangu nikatoka kabla sijalia mbele ya watu.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Baba watoto. Nilitegemea maswali. Alichukua kiti chake, akakizungusha meza, akakaa kulia kwangu. Akaendelea kula.

Baadaye akaniuliza, kwa hiyo lile kosa langu hukuwa hata umelisikia? Nikamwambia sikulisikia. Akasema basi tuliache hapo. Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii. Halafu nikajiuliza ni vitu vingapi vimesemwa upande ule.

Wifi bado sijamwambia. Duka ni masikio yangu na mdomo wake. Nikimwambia atanihurumia, na huruma ya Wifi siiwezi. Ana kazi nyingine tatu amezikubali kwa jina langu.

Jumanne, 25 Machi

Vidonge vinanivimbisha uso na vinanipa hasira. Lakini leo — niandike polepole nisije nikajidanganya — leo nilikuwa nakoroga chai na nikasikia kijiko. Kushoto! Nikaziba kulia, nikakoroga tena. Kitu kilikuwepo. Kidogo, kwa mbali. Nikakoroga mpaka chai ikapoa.

Baba watoto akasema labda ni mkono unaosikia, si sikio. Sikumjibu. Safari hii nilikuwa nimemsikia vizuri.

Alhamisi, 27 Machi

Nipo hospitali, kwenye benchi, naandikia gotini. Kumejaa. Nesi anatoka mlango wa kushoto kwangu kila baada ya muda, anaita mtu, anarudi ndani.

Nimeamua. Nikiingia, kitu cha kwanza namwambia Daktari tarehe ya kweli. Nimekuja na daftari nimwonyeshe. Atanifokea, anifokee. Pengine haina neno tena, kwa sababu linarudi. Nina hakika linarudi. Asubuhi bafuni nimesikia maji kushoto. Mvumo umepungua, au nimeuzoea. Kile kijiko jana nimekisikia tena, mara mbili, bila kuziba kulia. Hapa kwenyewe nasikia viti, viatu, mtoto analia, redio ya mlinzi, vyote vizuri tu. Nimefumba macho nikapanga kila sauti mahali pake kama nafunga spika. Sioni pengo. Wakinirudisha kwenye kile kijumba leo nitabonyeza, na safari hii nitabonyeza kwa haki. Nikitoka hapo naenda moja kwa moja dukani kumwambia Wifi zile kazi tatu azi—

Mama wa pembeni, mteja wetu wa zamani, kanigusa bega. Anasema wewe si ndiye fundi? Kaniuliza tena, taratibu, ananitazama usoni. Nesi yupo mlangoni, faili langu mkononi.

Anasema wameniita mara tatu.