Chumba cha Chiriku

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Na mpwa wangu Chiriku, bado anaongea mpaka usingizini? Mimi ni mzima, tena mzima wa kuudhi watu. Bahati imenikalia kichwani, haitaki kushuka! Hoteli imenifanya mkuu wa madobi wote, na nimepewa nyumba ya vyumba vitatu. Kimoja nalala, kingine najitembelea kama mgeni, cha tatu kina dirisha la bustani na hakina mtu. Mwambie Chiriku hicho ni chake.

Kaka yako

19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tunapumua tu.

Kaa chini kwanza. Shemeji yangu mkubwa, yule seremala, amemharibu Chiriku. Mtoto aliniambia mwenyewe nikiwa namsuka, bila kugeuza kichwa. Ana miaka tisa tu, kaka. Nilimpeleka hospitali, nesi akaandika yote, polisi wakafungua kesi.

Sasa wakwe hawatoki hapa. "Mtoto mwenyewe ana maneno mengi huyo." "Na wewe mama mtu ulikuwa wapi?" Mama mkwe ameuliza huwa ninamvalisha nguo gani. Mume wangu anatazama sakafu.

Chiriku haongei tena.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Hali sikuulizi. Barua yako nimeisomea chooni, bomba nimelifungulia wenzangu wasinisikie.

Usiandike tena kwamba ameharibiwa. Kinachoharibika ni redio. Mtoto ametendewa ubaya na mtu mzima, aibu ni ya huyo mtu mzima. Mwambie mjomba anamwamini, neno kwa neno. Na kesi usiiache. Narudia, maana nakujua: usiiache.

Kaka yako

27 Juni

Kaka,

Shikamoo. Usinikasirikie. Jana nimeifuta kesi.

Kikao cha ukoo kilikaa siku nzima. Walisema nitawapasua ndugu. Halafu nikakumbuka kile chumba chako, nikawaambia kaka yangu ana nafasi. Wote wakashusha pumzi. Hata mimi, Mungu anisamehe. Basi Chiriku anakuja kwako mwisho wa Julai, akae mbali asahau. Seremala amejitolea kumtengenezea sanduku la safari.

Chiriku ameniuliza, "Kwani mimi nimefanya nini?" Nikamwambia anakwenda likizo.

Mdogo wako

10 Julai

Mdogo wangu,

Asipande basi! Aondoke aliyetenda. Lile sanduku lipasue, upikie.

Rudi polisi. Mtafute yule nesi, aliyoandika hayajafutika, muombe akusindikize. Wakikuuliza kwa nini uliifuta, sema uliogopa. Mume wako naye mwambie sakafu ameitazama vya kutosha. Na Chiriku mjibu leo hii, kabla hujala: hukufanya kitu, mwanangu, hata kidogo. Mimi nakuja, hata kwa kudandia lori.

Wakwe wakisema mtoto ana pa kwenda, wasomee hapa. Hana. Sina nyumba. Simwongozi mtu yeyote, nafua mashuka, na tunalala wanaume saba kwenye stoo ya sabuni. Nilitaka tu mcheke huko nyumbani. Nilikudanganya.

Kaka yako