Kwa Baba Yetu Hezekia, Aliyeukata Mlima Watu Wacheze

Baba, leo mwaka umezunguka tangu tulipokulaza nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya babu. Masika yamekuja na kupita bila wewe. Tulidhani tukifika siku hii maneno yatakuwa mepesi kidogo. Hayajawa.

Hatutakusifu kuliko ulivyokuwa. Ulikuwa mkulima wa kahawa na kabichi hapa Kwemsasa, milimani Usambara, mtu wa sauti ndogo na kichwa kigumu. Chai uliinywa ukiwa umesimama. Kila Jumamosi uliupaka mpira wa ngozi mafuta ya kondoo ili usinywe maji ya umande, na Mama akilalamika kwamba katika nyumba hii mpira unakula mafuta kuliko watoto. Ulisema, “Watoto hawapigwi mateke, Mama Yunis.” Naye akakujibu, “Wakiendelea kuniibia mafuta watapigwa.” Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu.

Kuna jambo hukuwahi kutusimulia, tulilisikia kwa bibi. Zamani za Mwingereza kila shamba la mlimani lilitakiwa likatwe matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na asiyeyapiga alitozwa faini au kufungwa. Wewe ulikataa. Ukafungwa. Halafu ukaletwa kijijini, ukapigishwa matuta kwa amri katika shamba la mama yako mzazi, naye amesimama ukingoni anakutazama. Bibi alisema hukulia, ila jioni ulishindwa kushika kijiko. Uhuru ulipokuja, watu wa Kwemsasa waliyasawazisha matuta yale kwa nyimbo, na wewe ndiye uliyeanza wimbo.

Ndiyo maana walicheka ulipoitisha mkutano, mwaka ule wa kwanza wa Uhuru, ukasema tuukate mlima tupate uwanja wa michezo. Kwetu hakuna mahali pa tambarare. Mpira ukipigwa kwa nguvu unateremka mpaka mtoni na mchezo umekwisha. Mzee Yohane, jirani yetu, alisimama.

“Hezekia, tuta la Mzungu ulilikataa mpaka ukafungwa. Leo unataka tukupigie tuta moja kubwa kama kiwanja cha ndege?”

“Shikamoo, mzee,” ulimjibu. “Lile lilikuwa la amri. Hili ni la kuchezea.”

“Marahaba. Basi nyinyi chezeni, sisi tulime, halafu tuone jioni nani atagonga mlango wa nani.”

Kicheko kilikuwa kikubwa, na wewe ulicheka nao. Jumamosi ukapanda na jembe. Bakari Hassani, rafiki yako tangu mlipokuwa mkichunga mbuzi, akaja na la kwake. Kisha wakaja wengine, ikawa ngemo kamili, kama ile ya kulimiana mashamba: wa kulima wakalima, wa kupika wakapika, hakuna aliyelipwa. Upande wa juu mlikata, upande wa chini mkajaza. Kabla kahawa haijaiva mara ya pili, hata mzee Yohane alikuwa anabeba udongo kwa tenga, huku akikutukana kila alipokupita.

Klabu mliiita Ukungu, kwa sababu ndio uliokuja uwanjani bila kualikwa. Kulikuwa na mpira wa miguu, na netiboli ya wasichana na akina mama, na mbio za kupanda mlima, na kuruka juu mkitua kwenye maranda ya mbao, na kuvuta kamba ya katani iliyotoka mashambani kule chini. Magoli yalikuwa ya miti ya miwati. Ijumaa adhuhuri uwanja ulifungwa kwa ajili ya ndugu wa msikitini, na Jumapili asubuhi kwa ajili yetu wa kanisani. Mwezi wa Ramadhani hakuna Mkristo aliyeruhusiwa kunywa maji mbele ya wenzake uwanjani. Kijana mmoja alijaribu, ukamtoa nje ukamwambia, “Kiu yako haitakuua. Aibu yako itaniua mimi.”

Tunakumbuka siku timu ya Mnazi ilipopanda kutoka tambarare, watu wa jua, wamevaa fulana tupu. Ukungu ukashuka kabla ya mapumziko. Kapteni wao, meno yanagongana, akamwuliza refa, “Mwalimu, hawa wanacheza mpira au wanautafuta?” Sauti ya Bakari ikatoka kusikoonekana: “Sisi tunauona, ndugu. Ni nyinyi ndio hatuwaoni.” Goli likaingia hapo hapo. Baadaye uliwapa makoti ya watu, ukawalazimisha wachezaji wako wawaamkie wageni waliofungwa, mmoja mmoja. Ulikuwa unasema mshindi asiyesalimu ni mwizi.

Na ulimtetea Mwanamisi, binti wa Bakari, wazee wengine walipong'aka kwamba msichana haruki mbele za watu. Alicheza netiboli na Yunis wetu, mmoja anatupa, mwingine ameshafika. Ulikuwa ukikaa upande ule wa uwanja, hata mpira wa wanaume ukiendelea kule kwingine. Hatujawahi kukuona umefurahi kama ulivyofurahi pale.

Baba, lazima tuseme na lile jingine, maana wewe mwenyewe hukulificha.

Juu ya uwanja kulikuwa na ukingo wa udongo mwekundu, na juu ya ukingo mteremko mkali wa kahawa. Mvua ikinyesha, maji yalishuka moja kwa moja hadi mgongoni mwa uwanja. Bakari aliliona mapema. Alikuja nyumbani, akakukuta unapaka mpira mafuta, akakuita mgosi, yaani mwanamume mwenzake, kama kawaida yake.

“Mgosi, tupige matuta mawili kule juu. Mawili tu. Maji yageuke yaende korongoni.”

“Sipigi tuta.”

“Hujaambiwa na bwana shamba. Umeambiwa na mimi.”

“Bakari, unajua mikono hii ilifanywa nini.”

“Najua. Nilikuwepo. Lakini maji hayana chama, ndugu yangu. Hayajui kama tumepata Uhuru.”

“Basi watapiga wengine.”

“Nani atapiga, na wewe ndiye uliyewaimbisha wayabomoe?”

Uliendelea kupaka mpira mafuta. Bakari alimaliza chai yake, akasema, “Haya, wewe ndiye mwenyekiti,” akaenda zake. Kesho yake mlikuwa uwanjani pamoja kama kawaida. Matuta hayakupigwa. Kijiji kizima hakikuyapiga. Neno lenyewe lilikuwa limeoza midomoni mwetu, na aliyelitaja alionekana kama anamtamani Mwingereza arudi.

Masika ya mwaka wa sabini na mbili yalinyesha wiki nzima bila kupumzika. Alfajiri moja tulisikia mngurumo, mfupi, kama gari linalomwaga kokoto. Ulitoka bila viatu. Mlima ulikuwa umeshuka. Uwanja wa netiboli haukuonekana, wala goli la juu, wala kibanda cha vifaa. Mibuni ya mzee Yohane ilikuwa imesimama katikati ya uwanja, mibichi, kana kwamba imepandwa hapo. Watu walishukuru kwamba hakufa mtu. Wewe ulisimama kwenye matope ukasema, “Nimeuua mwenyewe.” Mzee Yohane, mwenye kahawa, alikushika mkono akakurudisha nyumbani. Siku ile hakukutukana.

Uliitisha ngemo. Walikuja, kwa wiki chache. Lakini udongo ulikuwa mwingi, na kila waliposafisha ulishuka mwingine. Na nyakati nazo zilikuwa zimeanza kuwa nyingine. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa vinafunguliwa kule tambarare, na huku milimani mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka mtu anarithi kipande cha viazi kisichotosha sufuria. Vijana walishuka. Mlinda mlango alishuka na mkewe. Wavuta kamba walishuka karibu wote. Hakuna aliyekosea, baba. Walifuata ardhi.

Mwaka uliofuata akashuka Bakari na nyumba yake yote, wakaenda Mnazi. Siku ya kuondoka alikuja kukuaga.

“Twende, mgosi. Kule tambarare mpaka macho yanachoka. Utapata uwanja bila kushika jembe.”

“Uwanja ninao.”

“Uko wapi?”

Ulinyoosha mkono kuelekea mlimani. Bakari alitazama ulikomwonyesha, kwenye lundo la udongo na magugu. Alikukumbatia, akateremka. Mwanamisi alirudi mbio kumpa Yunis kanga yake, kisha naye akaenda. Ameolewa huko. Tumesikia hachezi.

Ndipo ulipofanya jambo ambalo hatukutegemea kuliona. Ulichukua jembe, ukapanda juu ya ukingo, ukaanza kupiga matuta. Wewe. Hukuagizwa na mtu. Ulipima mteremko kwa kamba na chupa ya maji, kama ulivyofundishwa kwa lazima ujanani, ukakata tuta moja, kisha jingine, na mfereji wa kupeleka maji korongoni. Ulipomaliza matuta ukageukia udongo wa uwanjani, ukawa unaubeba kwa karai. Kahawa yetu ilijaa magugu. Mama alikuletea uji kule kule.

Alikuuliza siku moja, Yunis yupo, “Baba Yunis, unamchimbia nani? Hakuna kijana aliyebaki hapa.”

“Wakirudi wakute.”

“Hawarudi.”

“Basi wasirudi,” ulisema. “Lakini wasije wakasema hapakuwa na mahali.”

Mama alichukua karai la pili, akabeba nawe mpaka jioni. Hakukuuliza tena. Ila nyumbani ulitukataza kusema kwamba Ukungu imekwisha. Aliyelisema aliondoka mezani. Shemeji mmoja alilisema kwa mzaha siku ya sherehe ya kubariki mtoto, ukaacha nyama yako kwenye sahani, ukatoka.

Uliendelea hivyo kiangazi na vuli. Mvua ilikukuta kule juu mara nyingi, na wewe ulisema unamalizia karai moja tu. Kifua kikaanza. Uliona aibu kukohoa mbele ya watu, ukawa unakwenda kukohoa nyuma ya zizi, tukakusikia hata hivyo. Hospitalini walijitahidi. Ulituomba tukurudishe nyumbani, tukakurudisha. Siku za mwisho hukuongea habari za mpira wala za klabu. Uliuliza tu kama mvua imeanza, nasi tulipokwambia bado, ulifumba macho. Ukaondoka mchana, Mama amekushika miguu ili ipate joto.

Bakari alipata habari kwa kuchelewa. Alipanda kutoka Mnazi, tayari tumekwisha kukuzika. Kabla hajafika msibani alipita uwanjani, akapanda mpaka juu ya ukingo, akatembea juu ya matuta yako kutoka mwisho hadi mwisho. Alipoingia nyumbani Mama alimpa mkono wa pole. Alisema, “Shemeji, mgosi ameyapiga vizuri.” Kisha akakaa chini na wanaume wengine.

Tunakuletea habari za mwaka huu, maana ungetaka kuzijua. Masika yamekuwa makubwa. Matuta yameshika. Hakuna udongo ulioshuka, na maji yote yalikwenda korongoni kama ulivyotaka. Nusu ya uwanja uliyoisafisha imebaki wazi, nyasi zimefika magotini. Mahali pa kuchezea papo, baba. Hiyo ni kweli, na wewe ndiye uliyeifanya kuwa kweli.

Wiki iliyopita Yunis aliita mkutano wa klabu. Alipitisha habari kwenye soko, kanisani na msikitini, kwamba wanachama wote wa Ukungu wafike Jumamosi alasiri. Alifika Paskalina, aliyekuwa kapteni wa netiboli, na mtoto mgongoni. Akafika mzee Yohane, ameshikiliwa na mjukuu. Walingoja. Ukungu uliposhuka hawakuiona barabara tena, wakajua kwamba hata kama kuna mtu anakuja ameshageuka.

Paskalina alisema, “Yunis, dada yangu, tuseme tu.”

Yunis hakuweza. Mzee Yohane ndiye aliyevua kofia. Akasema, “Hezekia, mimi nilikucheka mwanzo, kwa hiyo mimi ndiye wa kusema mwisho. Imekwisha, mwanangu.” Wakakaa kidogo, mtoto akaanza kulia kwa baridi, wakarudi majumbani.

Kwa hiyo tunalisema na sisi, baba, neno ulilolikataza nyumbani kwako, ili wote walioichezea wajue, huko tambarare na kwingineko: Klabu ya Michezo ya Ukungu, Kwemsasa, haipo tena. Hatulisemi kwa hasira, wala kwa kukudharau. Tunalisema kwa sababu tulikuona ulivyongoja, na tunaogopa kwamba unangoja hata sasa. Usingoje. Weka karai chini. Hakuna atakayekuja.

Unakumbukwa na mkeo Rahabu, wanao Yunis, Kornelio na Halima tuliyemlea, dada yako Mwanaisha aliyeolewa Bumbuli, wajukuu zako, mzee Yohane na jamaa yake, Paskalina, na ndugu yako Bakari Hassani pamoja na nyumba yake, Mnazi.

Yote mengine yamekwisha, baba. Kukukumbuka hakutakwisha.